Ukienda kufanya mradi kwa Wamaya, anzia jikoni

Vijana wanaokwenda kujitolea Guatemala, nchi ya Amerika ya Kati wanakoishi Wamaya, huniuliza jinsi ya kuandika mradi na kupata wafadhili. Mimi huwapeleka jikoni kwanza.

Vijiji vya Waixil, mojawapo ya jamii za Wamaya, huko Nebaj mkoani Quiché, viko milimani, na baridi ya usiku inauma kwelikweli. Alfajiri mama anachochea kuni kwenye mafiga matatu. Mahindi ameshayachemsha na chokaa tangu jana jioni. Anayaosha, yanasagwa, kisha anapiga tortilla, yaani chapati nyembamba za mahindi, kwa viganja, pa pa pa, na kuzitandaza kwenye kikaango kipana. Moshi umetanda, macho yanawasha. Mgeni yeyote akiingia humo, wazo la kwanza ni jiko sanifu lenye bomba. Wazo si baya hata kidogo. Moshi ule unaumiza mapafu ya watoto, na Guatemala hiyohiyo ndiko lilikobuniwa jiko la Lorena, la udongo na mchanga, baada ya tetemeko la ardhi la 1976.

Lakini kaa kwanza, tazama. Sufuria ya mahindi ni kubwa kuliko tundu la jiko lako. Moto wa mafiga ndio unaopasha nyumba joto, na moshi wake unakausha mahindi yaliyotundikwa darini na kufukuza fukusi. Jiko lisilofanya kazi hizo litapigwa picha siku ya uzinduzi, halafu mafiga yatarudi. Nimewahi kukuta jiko la mradi kuku anatagia ndani. Yeye angalau alifaidika.

Haya yote wanayajua wanawake, na ili kuwasikia unahitaji lugha. Guatemala ina lugha 22 za Kimaya. Kihispania chako kitakufikisha kwa vijana waliosoma na kwa wanaume waliozoea kwenda vibarua kwenye mashamba makubwa ya pwani. Bibi mwenye jiko huenda anasema Kiixil tu. Tafuta mkalimani mwanamke, wa kijiji hichohicho ikiwezekana, na umlipe vizuri.

Mambo ya mradi wenyewe yapitie COCODE, kamati ya maendeleo ya kijiji, ambayo muundo wake uliwekwa na sheria ya 2002. Mkutano utakuwa mrefu, na uamuzi unaweza kusubiri wiki ijayo. Subiri nao. Na semina ya kuwafundisha watu kujitolea iache nyumbani: kule Totonicapán, mkoa mwingine wa Wamaya, viongozi wa jamii hutumikia mwaka mzima bila mshahara, wakisimamia msitu na chemchemi zao.

La mwisho ni karatasi ya mahudhurio, ambayo wageni wengi huiona kitu kidogo. Vita vya Guatemala vilidumu miaka 36, hadi Desemba 1996. Waliouawa na kupotezwa ni zaidi ya 200,000, wengi wao Wamaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jeshi lilichoma vijiji vya Waixil, na huko Quiché viongozi wa vyama vya ushirika na makatekista waliwindwa kwa sababu tu waliwaunganisha watu. Mzee aliyepitia hayo, ukimwomba jina, namba ya kitambulisho na sahihi, atasita, na ana haki. Mweleze karatasi inakwenda kwa nani na ya nini. Bora zaidi, wape kamati waijaze wenyewe, na asiyetaka kuandikwa aachwe. Mfadhili akidai sahihi zaidi, mwandikie wewe barua ya maelezo. Usirudi kijijini kuwasumbua.