Tuchukulie Hakuna Hewa

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha fizikia niliandika ubaoni: "Tuchukulie kwamba hakuna hewa." Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, sasa tutapumuaje?" Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka nao. Nilikosea. Katika darasa zima, yeye peke yake ndiye aliyekuwa ameingia ndani ya dhana ile.

Ninyi mnaoanza, wa sayansi na wa hadithi, neno hilo "tuchukulie" msilipite mbio. Galileo, mwanasayansi wa Italia, katika kitabu chake cha 1638, alilitumia kuivunja imani ya tangu Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kwamba jiwe zito huanguka kasi kuliko jepesi. Haya, chukulia ni kweli, kisha yafunge pamoja. Jepesi litalichelewesha zito, kwa hiyo yataanguka polepole kuliko zito likiwa peke yake. Lakini yakishafungwa si yamekuwa mzigo mzito zaidi, unaopaswa kuwahi zaidi? Imani imejikaba yenyewe, na hakuna jiwe lililoangushwa. Ila kuchukulia kulibomoa tu. Kujua kasi huongezekaje, ilibidi aviringishe tufe kwenye ubao wa mteremko na apime. Na mwaka 1971 mwanaanga David Scott aliangusha nyundo na unyoya Mwezini, kusiko na hewa, vikatua pamoja.

Shaaban Robert naye, katika Kusadikika, aliitundika nchi nzima angani. Ukiingia humo unakuta baraza la mfalme, waziri mwenye majivuno, na mtu anayeshtakiwa kwa kufundisha sheria. Nchi inaelea, dhuluma ina uzito ule ule tunaoujua. Mimi nilipoanza kuandika nilikuwa nikibadilisha mambo kila nilipokwama: shujaa akikosa nauli, anaota mabawa. Rafiki aliyesoma mswada aliniuliza kwa nini hakuyaota tangu ukurasa wa kwanza.

Mwanafizikia huhukumiwa na nyundo, mwandishi na msomaji. (Nyundo ina huruma zaidi.) Kwa hiyo chagua jambo moja tu la kubadilisha, liandike juu ya karatasi, kisha lifuate hata pale linapokuharibia ulichokipanga. Ukikosa pa kuanzia, chukua swali la yule mwanafunzi. Kila nikilirudia nafika mahali pale pale: hewa imekwisha, mwalimu amefungua mdomo kujibu, na sauti haimfikii hata wa dawati la mbele.