Choronga chini ya kila nguzo kwanza, urefu wa sitaha utaujua baadaye

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza mambo manne kuhusu daraja lenu la treni ya mwendokasi: nafasi kati ya nguzo na nguzo iwe mita ngapi, sitaha (sakafu ya daraja inayobeba reli) itengenezwe kiwandani au imwagwe papo hapo, kuta za kuzuia kelele, na zabuni itangazwe lini. Lakini katikati umepitisha sentensi moja kana kwamba ni jambo dogo: mhandisi mshauri amesema mashimo ya kuchunguza ardhi kila mita 200 yanatosha kwa sasa, mengine atachoronga mkandarasi akishaingia kazini. Hiyo sentensi ndiyo nimekuja kuijibu.

Hizo mita 200 najua zimetoka wapi, maana na sisi kwenye daraja letu tulipewa hizo hizo. Zimo kwenye Eurocode 7 (kanuni za Ulaya za usanifu wa misingi na ardhi), sehemu ya 2, kiambatisho B: kwa miundo mirefu kama barabara, reli na mabomba, chunguza kila mita 20 hadi 200. Mshauri wetu aliona neno reli akaishia hapo, tena akachukua namba kubwa kuliko zote. Orodha ile ile ina mstari wa miundo maalumu, na madaraja yametajwa humo waziwazi: sehemu mbili hadi sita za uchunguzi kwa kila msingi. Kila msingi! Reli ikishapanda juu ya nguzo hilo ni daraja, hata likiwa na urefu wa kilomita mia. Mtu analipwa kusoma kanuni, anasoma nusu ukurasa, kisha anakuja kikaoni na suti kututuliza kwamba tumebana matumizi. Bado nina hasira naye.

Ardhi yetu ilikuwa mawe ya chokaa. Mashimo machache tuliyokuwa nayo yalionyesha mwamba mzuri karibu kwa kina kimoja, basi mchoro wa tabaka ukachorwa kwa rula kutoka shimo hadi shimo. Chokaa haiendi hivyo. Maji huila miaka na miaka, ikabaki na mapango, mengine matupu, mengine yamejaa tope laini. Kati ya shimo na shimo zilipita nguzo kadhaa ambazo hakuna mtu aliyewahi kuona kilichoko chini yake.

Mtambo wa paili (nguzo za zege zinazomwagwa kwenye mashimo marefu ardhini kubeba msingi) ulipofika kwenye mojawapo ya nguzo hizo, tope la bentonaiti linaloshikilia kuta za shimo lilishuka ghafla kama maji ya sinki ukichomoa kizibo. Wakajaza, likashuka tena. Mwishowe likatulia, nondo zikashushwa, zege likaanza kumiminwa kwa bomba kutoka chini. Kila gari likimaliza, fundi hushusha kamba yenye uzito kupima zege limepanda kiasi gani. Kwa paili ya kipenyo cha mita 1.5, gari la mita za ujazo 8 linapaswa kupandisha zege mita nne na nusu hivi. Kamba ikaonyesha limepanda chini ya mita moja tu. Gari lililofuata, kamba haikuonyesha badiliko lolote. Zege lote lilikuwa linaingia pangoni, na huwezi kusimama, kwa sababu zege likianza kuganda wakati bomba bado liko ndani, paili nzima imekwenda.

Lakini zege ni sehemu ndogo ya hasara. Kufikia siku ile nafasi za nguzo zilishapitishwa, kalibu za sitaha zilishaagizwa, mtambo wa kusimikia ulishatengenezwa kwa nafasi hizo. Ukisogeza nguzo mita chache kukwepa pango, sitaha ya upande mmoja inarefuka na ya pili inafupika, na vyote ulivyoagiza havifai tena hapo. Angalia daraja la reli la Colne Valley kule Uingereza: kilomita 3.4, vipande 1,000 vya sitaha, vizito zaidi vikifika tani 140, na mtambo wa mita 160 uliovisimika. Au daraja la Danyang–Kunshan nchini China, kilomita 164.8, sehemu kubwa ikiwa ni sitaha za takriban mita 32 zinazorudiwa na kurudiwa. Kazi kama hizo hazitaki nguzo inayohamahama.

Kwa treni ya mwendokasi hata kuongeza paili bila kusogeza nguzo hakukutoi kwenye shida. Ugumu wa msingi ukibadilika, nguzo nayo inayumba tofauti treni inapofunga breki, na reli zilizochomelewa moja kwa moja bila maungio hazivumilii: Eurocode inaruhusu sitaha isogee milimita 5 tu kwa breki na kuondoka, kama reli haina kifaa cha kutanukia. Hesabu za mtetemo nazo zinarudiwa, maana mchapuko (kasi ya kubadilika kwa mwendo) wa sitaha yenye kokoto haupaswi kuzidi mita 3.5 kwa sekunde mraba, la sivyo kokoto hulegea chini ya mataruma. Halafu kuna kutitia. China, kwa njia isiyo na kokoto, hairuhusu nguzo mbili jirani zitofautiane zaidi ya milimita 5. Kwenye chokaa yenye tope, milimita 5 unazila kabla treni ya kwanza haijapita. Na Taiwan waliozindua njia yao mwaka 2007 wamelazimika kupambana na ardhi inayotitia katika eneo la Yunlin kwa sababu ya visima vinavyovuta maji, daraja likiwa limeshasimama.

Ile ya "mkandarasi atachoronga" ndiyo ilinichoma zaidi. Mkandarasi akikuta ardhi tofauti na ripoti uliyompa kwenye zabuni, anakuandikia madai, tena ana haki. Mitambo imelala, vibarua wanalipwa, wanasheria wanaandikiana barua. Mshauri aliyekushauri alishalipwa na kuondoka. Na kabla mtu hajaniuliza: hapana, sina mashine ya kuchoronga ninayokodisha.

Kwa hiyo choronga chini ya kila nguzo kabla hujachagua nafasi kati ya nguzo. Teremka chini ya ncha ya paili angalau mita 5 au vipenyo vitatu vya paili, kipi kikubwa, na kwenye chokaa usiishie hapo. Nguzo yenye paili nyingi isipate shimo moja tu, pango linaweza kuwa pembe ya pili. Usikubali ripoti yenye maandishi matupu, dai picha za sampuli zikiwa kwenye masanduku yake, na dai waandike kila mahali maji ya kuchorongea yalipopotea au fimbo ilipoanguka yenyewe.

Kiwandani au papo hapo? Kiwanda kinalipa ukirudia sitaha ile ile mara nyingi, na utarudia mara ngapi utaambiwa na mashimo hayo.

Ukirudi ofisini mwombe mshauri kiambatisho B kizima, ukurasa wenye reli na ule wenye madaraja, aeleze kwa maandishi kwa nini alichagua alichochagua. Na kama mna sampuli zozote tayari, weka picha hapa tuzione, hasa zile za nguzo zilizo karibu na mto.