Nahamia Dodoma: Nimuulize Nani, na Nimuulize Nini?

SWALI: Ndugu Mshauri, mume wangu amehamishiwa kikazi Mji wa Serikali, Mtumba, na anatakiwa kuripoti mwanzoni mwa mwezi wa kumi. Mimi ni fundi cherehani, tuna watoto wawili, na mama mkwe anayeishi nasi ana pumu. Hatuna ndugu Dodoma. Nimeuliza watu na kila mmoja ana lake: aliyekwenda huko kwa semina ya siku tatu anasema ni jangwa lisilo na maji, mwingine anasema hakuna mji wenye maisha mepesi kama huo, na dalali tuliyempata kwa simu ametutumia picha za nyumba nzuri iliyoko Nala, anataka tutume kodi ya miezi sita ili asiwape wengine. Nimsikilize nani?
Msomaji, Chumbageni, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, huenda hao watatu hawajakudanganya, ila hakuna hata mmoja aliye mahali pa kukushauri. Wa semina aliijua nyumba ya wageni na ukumbi wa mikutano, basi. Wa pili hukutuambia anaishi mtaa gani wala anachota maji wapi. Na dalali analipwa siku utakapokubali, kwa desturi fedha inayolingana na kodi ya mwezi mmoja, kwa hiyo ushauri wake una bei hata kama hakuitaja. Mtu unayemhitaji ni yule aliyekaa mtaani mwaka mzima, kiangazi na masika, na ambaye hapati wala hapotezi kitu uhamie au usihamie. Watu hao wapo na hawadai malipo: mpangaji wa nyumba ya jirani, mwenye duka la mtaani, fundi mwenzako aliyeweka cherehani barazani, mwalimu wa shule ya msingi iliyo karibu.

Tuanze na hiyo nyumba ya Nala, kwa kuwa ndiyo inayotaka fedha zenu. Nala iko magharibi mwa mji, kwenye barabara ya Singida, ilhali Mtumba iko mashariki, kwenye barabara ya Dar es Salaam, takriban kilomita 17 kutoka katikati ya mji. Mumeo atalazimika kuvuka mji mzima asubuhi na kuuvuka tena jioni, jambo ambalo picha ya sebule yenye vigae haiwezi kukueleza. Tafuteni kwanza Kisasa, Nzuguni, Ihumwa na mitaa iliyo kati yake, na msitume hata senti moja kabla mmoja wenu hajasimama ndani ya nyumba yenyewe na kuzungumza na mwenye nyumba ana kwa ana. Dalali akisema kuna mteja mwingine yuko njiani, mwambie amkaribishe.

Sasa maji, ambayo ndiyo habari kubwa ya Dodoma na ndiyo inayopotoshwa zaidi. Si kweli kwamba mji hauna maji, na si kweli pia kwamba yanatoka kila siku kila mahali. Tegemeo kuu la mji kwa miaka mingi ni visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na watu wameongezeka kwa kasi tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huko kwa vitendo. Matokeo yake ni mgao, na mgao hautofautiani kwa kata tu. Mitaa miwili inayotazamana inaweza kuwa na hali mbili, hasa mmoja ukiwa mlimani na mwingine bondeni. Kwa hiyo usiulize, “Je, kuna maji?” maana jibu litakuwa ndiyo hata kwa nyumba ambayo bomba lake hutoa upepo tu. Uliza, “Maji yalitoka lini mara ya mwisho, na yalitoka kwa saa ngapi?” Kisha tazama uani. Nyumba yenye simtanki moja dogo na mapipa manne yamepangwa ukutani imekwisha kukujibu. Omba pia kuona birika au sufuria ya kuchemshia maji ya jirani: ukikuta utando mweupe mgumu umeganda ndani, maji ya pale yana chumvi nyingi, na utahitaji kupanga mapema utakunywa nini na utafulia nini. Ikiwa nyumba inategemea kisima cha mtu binafsi, uliza bei ya ndoo na bei ya boza, na uulize bei hizo huwaje mwezi wa kumi na wa kumi na moja.

Swali la umeme ni fupi lakini limegombanisha wapangaji wengi. Uliza kama kila mpangaji ana mita yake ya LUKU au mnachangia moja, na kama ni moja, nani ananunua na mnagawanaje. Wewe una cherehani, pengine na pasi ya umeme. Majirani watakunyooshea kidole kila uniti zikiisha.

Kuhusu mama mkwe, hapo nakusihi msiharakishe. Dodoma iko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mvua zake ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Miezi inayobaki ni mikavu, na kuanzia Agosti upepo huinua vumbi jekundu ambalo hupita hata chini ya mlango uliofungwa. Mtu aliyezoea hewa ya bahari ya Tanga atahisi pua na midomo ikikauka. Mwenye pumu anaweza kuhisi zaidi. Mwezi wa kumi, basi, ni wakati mgumu wa kumleta. Muulize daktari wake wa sasa kabla ya kuuliza mtu mwingine yeyote, mwombe akuandikie historia ya matibabu na dawa anazotumia, na mkifika mjue mapema mtampeleka wapi: ipo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini, na ipo Hospitali ya Benjamin Mkapa katika eneo la Chuo Kikuu cha Dodoma. Katika kuchagua nyumba, barabara ya lami mbele ya mlango ina thamani kwake kuliko chumba cha ziada. Na asisahau blanketi. Juni na Julai usiku wa Dodoma una baridi ambayo watu wa pwani huwa hawaitarajii.

Watoto wasiondolewe shuleni mwezi wa kumi bila kufikiri. Kama mmoja yuko darasa la nne, amekwisha kusajiliwa kwa upimaji wa kitaifa katika shule yake ya sasa, nao hufanyika karibu na mwisho wa mwaka; amalize huko, uhamisho ufuatwe ili Januari aanze na wenzake. Hilo linakupa njia ambayo ningeichagua mimi: mumeo atangulie peke yake, apange chumba kimoja upande wa mashariki, na akae miezi miwili au mitatu akiuliza. Atafika Mtumba saa moja asubuhi akijua daladala zinajaa wapi na bajaji zinadai kiasi gani. Mvua za kwanza zikinyesha ataona ni mitaa ipi inageuka tope na ni korongo lipi linaloonekana kavu leo lakini Januari hupitisha maji ya kubeba mbuzi. Atazame kuta za nyumba kwa chini: alama ya maji iliyokauka usawa wa goti haifichiki vizuri hata kwa rangi mpya.

Kwa kazi yako, safari moja ya kutembelea Soko la Majengo na Soko la Sabasaba, ukiwa na kitambaa mkononi na swali la bei ya kushona, itakufundisha kuliko mazungumzo ya simu ya wiki nzima. Mji wenye watumishi wengi na wanafunzi wengi unahitaji sare, suruali za kupunguza na magauni ya sherehe, lakini mafundi nao ni wengi. Waulize mafundi wa kike zaidi. Kwa maoni yangu ndio watakaokueleza ukweli kuhusu kodi ya fremu na wateja wasiolipa. Usipange safari hiyo kati ya Aprili na Juni, wakati Bunge la bajeti linapoendelea, kwani nyumba za wageni hujaa na bei zake hupanda.

Mkishahamia, nendeni kwa balozi na kwa mwenyekiti wa mtaa mkajitambulishe kabla hamjawa na shida ya barua. Wagogo ni watu wakarimu, nanyi mkiitikia salamu yao, “mbukwenyi”, bila kusitasita mtapata majirani upesi. Samaki wa bahari utamkosa, nazi utainunua kwa bei ya kukuuma. Jifunze mlenda, na uulize siku samaki wa Bwawa la Mtera wanapoingia sokoni.

SWALI: Nimeajiriwa Dodoma na nina akiba kidogo. Wenzangu wananihimiza ninunue kiwanja haraka kabla bei haijapanda. Je, mwenyekiti wa mtaa akithibitisha kwamba muuzaji ndiye mwenye eneo, inatosha?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Haitoshi. Mwenyekiti anaweza kushuhudia kwamba anamfahamu muuzaji na kwamba watu wamemwona akilima pale, lakini hana rejista ya viwanja. Tangu mwaka 1973 upangaji wa ardhi ya mji ulikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliyovunjwa mwaka 2017 na majukumu yake kuhamishiwa kwa halmashauri, ambayo mwaka uliofuata ikawa ya jiji. Ndiyo maana utaonyeshwa nyaraka zenye majina ya taasisi tofauti. Hilo peke yake si kosa. Kosa ni kulipa kabla ya kuipeleka namba ya kiwanja na kitalu katika ofisi ya ardhi ya Jiji ili uelezwe kimesajiliwa kwa jina la nani, kwa matumizi gani, na kama kina deni au mgogoro. Muuzaji wa kweli ataongozana nawe.

Waulize pia mafundi waashi wanaojenga eneo hilo kuhusu udongo. Sehemu nyingine zina udongo mweusi unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka, na msingi wa nyumba juu yake hugharimu zaidi kuliko wa kawaida. Ukiona nyufa za mshazari juu ya madirisha ya nyumba za jirani, ongeza gharama hiyo kwenye bei ya kiwanja kabla hujasema ni rahisi. Wakati huo wote endelea kupanga. Ukinunua baada ya kuona masika moja, fedha zilipwe kwa njia ya benki kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo katika nyaraka, na mkataba usainiwe mbele ya wakili.