Umepangiwa chuo Dodoma? Soma hapa kabla hujaanza kulia

Mtoto wa dada yangu kapangiwa chuo Dodoma, juzi kanipigia sauti imepooza utadhani kuna msiba, "mama mdogo, Dodoma si jangwa kule?" Nilicheka sana maana mimi mwenyewe 2011 nililia machozi kabisa. Mtoto wa Tanga, nimezoea bahari na nazi, jina langu likatoka UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma. Basi likapita Segera, Chalinze, Morogoro, Gairo (hapo upepo ukaanza), Kibaigwa, nachungulia dirishani naona mibuyu haina hata jani moja na vumbi jekundu, nikajisemea hapa miaka mitatu siimalizi.

Kwa hiyo mdogo wangu unayesoma hapa, kosa langu la kwanza ni kuihukumu Dodoma kwa mwezi wa kumi. Mwezi wa kumi usiiangalie kabisa, ifumbie macho, ngoja mvua za Desemba zianze. Kule mvua ni msimu mmoja tu, ikikata Aprili ndo basi tena, lakini zile wiki mbili za mwanzo nchi nzima inageuka kijani mpaka unajiuliza haya majani yalikuwa wapi siku zote.

Halafu beba sweta! Mimi sikubeba, nani alikuwa ananiambia Dodoma kuna baridi? Juni na Julai upepo unapuliza asubuhi na jioni, midomo inapasuka, mafuta ya mgando yanakuwa rafiki yako kuliko hata rumeti wako.

Ila kubwa ninalotaka kusema ni hili, toka nje ya chuo. UDOM ilianza 2007 na imejengwa pembeni ya mji, kubwa kweli, vitivo vimesambaa, kila kitu unakipata hukohuko, mtu anaweza kumaliza semista nzima mjini anaenda kutoa hela tu. Ndo nilivyokuwa mwaka wa kwanza. Mji kwangu ulikuwa stendi ya daladala pale Jamatini, nashuka, natoa bumu (hela ya mkopo wa chuo), nanunua mafuta na sabuni, narudi kulalamika.

Kilichonitoa ni shida. Mwaka wa pili nimehamia gheto, chumba cha kupanga, Ng'ong'ona, bumu limeingia nikanunua simu kali (usinicheke, wote tulifanya), wiki ya pili sina hata mia. Jirani na gheto kulikuwa na mama mmoja wa Kigogo anapika chakula kwenye kibanda, nikaenda kwa aibu nimuombe anikopeshe. Kabla sijasema lolote akaniambia "huku hatuanzi na shida, tunaanza na mbukwa." Ndo salamu yao hiyo, mbukwa, wakiwa wengi unawaambia mbukwenyi, na nakuapia hilo neno moja limenipunguzia bei sokoni Majengo mara nyingi kuliko Kiswahili changu chote cha Tanga. Alinikopesha wiki tatu, deni anaandika kwa mkaa ukutani, na chakula chenyewe ni ugali wa uwele na mlenda. Sasa mlenda wa kwetu naujua, ila huu wa majani makavu yaliyosagwa na karanga juu ni habari nyingine, siku ya kwanza niliufukuza na tonge kuzunguka sahani nzima. Wiki ya tatu nikawa naomba niongezewe.

Yeye ndo aliniambia jina la Dodoma limetokana na idodomya, yaani pamezama, eti tembo alizama kwenye tope. Kimoyomoyo nikasema tembo gani anazama hapa ambapo hata mimi maji ya kuoga napimia? Mwezi wa kwanza mvua ikapiga, korongo la njiani kwetu likajaa, kiatu changu kikabaki kwenye tope mpaka leo. Nikamwamini.

Baada ya hapo nikaanza kutembea. Jumamosi mnada wa Msalato, mnaenda kundi, mnachanga, mnakula nyama choma huku vumbi linawapiga (ukienda na mtu unayemtongoza usivae nyeupe). Msimu wa zabibu mnanunua mnakula mnatembea, nyekundu zile ndogo tamu hatari, na ukitaka kujua zinavyolimwa uliza wenyeji wana mashamba, mimi nilipelekwa na mwanafunzi mwenzangu kwa babu yake tukarudi na ndoo nzima. Jioni Nyerere Square kukaa tu, hakuna kiingilio. Siku za kusubiri matokeo, tumbo linakata kwa kuwaza sapu (kurudia mtihani), tulikuwa tunapanda kilima kutazama mji unawasha taa, wakati huo taa zenyewe chache.

Maana kumbuka tulivyomaliza 2014 pale palikuwa manispaa tu, serikali ilitangaza mwaka 2016 kwamba inahamia na jiji likaja 2018. Mwaka jana nimeenda na treni ya SGR kutoka Dar, hata usingizi haujakolea tumefika, enzi zetu basi lilikula siku. Nimepotea! Stendi ya mabasi imehamia Nanenane, shamba la mahindi nyuma ya gheto letu limekuwa nyumba tupu, huko Mtumba kwenye mji wa serikali ndo kabisa wizara zimejipanga. Nilifurahi na roho ikaniuma pia kidogo, sijui kwa nini.

Kibanda cha mama sikukiona. Nimemwambia mpwa wangu akishazoea azunguke aulizie, kwa heshima, aanze na mbukwa, na akimpata amwambie yule binti wa Tanga wa deni la mkaani anamsalimia. Kajibu "sawa mama mdogo, ila sweta ni moja au mbili?" Mbili.