Usimfunge farasi bendeji kabla ya kujua sababu

Mwanzoni mwa wiki hii kijana mmoja aliyeanza kazi ya usaisi, yaani kuhudumia farasi, karibu na Nairobi aliniandikia kuuliza kama ni lazima farasi afungwe bendeji miguuni kila usiku, maana ndivyo alivyowakuta wenzake wakifanya.

Nilipokuwa nikifanya kazi katika banda moja jirani na uwanja wa mbio wa Ngong, tulikuwa na farasi jike ambaye miguu yake ya nyuma ilivimba kila alipokesha bandani, na dawa ya kila mtu ilikuwa bendeji, tena ya kukaza. Niliipapasa miguu hiyo, nikakuta haina joto wala maumivu na imevimba sawasawa yote miwili, nikasema huyu anakosa kutembea tu. Nilichekwa. Hatimaye niliruhusiwa kumtembeza asubuhi na jioni, uvimbe ukaisha. Mwenye farasi akamshukuru mkufunzi, na jina langu halikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Basi, mdogo wangu, tangulia kupapasa. Mguu mmoja ukivimba peke yake, ukiwa na moto, au farasi akichechemea, usiufiche ndani ya kitambaa. Mwite daktari wa mifugo. Bendeji hukinga mguu usigongwe safarini, hushikilia dawa kwenye kidonda, na husaidia mguu mzima unaobeba uzito wa mwenzake mgonjwa. Kuipa kano, yaani ukamba unaounganisha msuli na mfupa, nguvu haiwezi, kwa sababu kitambaa hakishindani na mnyama wa nusu tani, na mazoezini huongeza joto mahali ambapo kiini cha kano tayari hufikia nyuzijoto 45 hivi farasi anapokimbia kasi.

Ukiamua kufunga, safisha mguu na uukaushe. Chini ya goti hakuna msuli wa kupokea shinikizo, kwa hiyo tanguliza pedi nene isiyo na mikunjo. Zungusha kutoka mbele kwenda nyuma kupitia upande wa nje, ukivuta juu ya mfupa wa mbele wala si juu ya kano, kila mzunguko ufunike nusu ya uliotangulia, na kidole kiweze kupenya. Chuchumaa, anayepiga magoti chini ya farasi hawezi kumkwepa. Wako masaisi wanaojisifu kwa kukaza, nami nasema wazi kwamba huo ni ubabe, si ufundi.

Ifungue bendeji kabla ya kutimia muda wa saa 12, kisha upapase tena kano kwa nyuma. Ukikuta uvimbe mpya, usiirudishe hadi daktari auone.