Shafti ya mm 50 si kipande cha maabara

Mkuu, umeuliza kwa nini chuma chenye nguvu ya kuvutwa ya MPa 600 (MPa ni kipimo cha mkazo), ambacho jedwali linakipa kikomo cha uchovu (mkazo wa kurudiarudia ambao chuma kinauvumilia bila kukatika) cha MPa 300, kimekatika kwenye shafti inayozunguka ya kipenyo cha mm 50 iliyobeba MPa 230 tu.

Jedwali halikudanganya. Ile 300 (nusu ya nguvu ya kuvutwa) ni ya kipande cha mm 7.62, kimeng'arishwa, kinazungushwa huku kimepindwa. Shafti yako ni kitu kingine.

Anza na unene. Kwenye kupinda, mkazo ni mkubwa juu ya ngozi na sifuri katikati. Zama nusu milimita ndani ya kipande cha maabara: mkazo umeshuka hadi 87%. Kwenye mm 50 bado uko 98%. Ufa mchanga kwenye shafti nene haupati pa kupumzikia, tena ngozi iliyokazwa ni pana, kwa hiyo dosari za ndani ya chuma zina nafasi kubwa ya kuangukia pabaya. Kigawo cha ukubwa (namba ya kuzidishia kikomo cha jedwali), kwa kipenyo d cha mm 2.79 hadi 51, ni 1.24 × d^-0.107, yako inatoa 0.82. Uso uliochongwa kwa mashine unakula tena, 0.83. Zidisha vyote na ile 300: karibu MPa 203, chini ya 230 uliyoibebesha. Hapo hujagusa hata mtaro wa kii (kipande kinachofunga gurudumu kwenye shafti) wala kona kali ya bega (pale kipenyo kinapobadilika), na huko ndiko shafti nyingi huanzia kupasuka.

Ingekuwa haizunguki, inapindwa juu na chini tu, ungetumia kipenyo cha 0.37d, yaani mm 18.5, na kigawo kingepanda hadi 0.91.

Mzigo wa kuvuta na kusukuma hauna kigawo cha ukubwa, maana sehemu yote imekazwa sawa, ila unazidisha kwa 0.85. Sehemu ya punguzo hilo ni kupinda kusikoonekana: mzigo ukikaa pembeni kwa mm 0.1 tu kwenye fimbo ya mm 8, ngozi ya upande mmoja inaongezewa 10% (8e/d, ambapo e ni huo umbali wa pembeni). Kwa chuma ambacho mteremko wa maisha yake (jinsi mizunguko inavyopungua mkazo ukipanda) ni 0.1, hiyo 10% inakula zaidi ya nusu ya mizunguko.

Kusokota peke yake, kigawo ni 0.59: yako ingebaki MPa 120. Lakini shafti ikipindwa na kusokotwa pamoja, unganisha mikazo kwa kanuni ya von Mises (inayogeuza mikazo ya aina tofauti kuwa mmoja) na usiweke 0.59 tena, utakuwa umeikata mara mbili.