Piriton si dawa ya usingizi ya mgonjwa wa Parkinson

Ukiuliza kama unaweza kumpa Piriton, dawa ya mzio, mzee mwenye Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaokakamaza mwili) ili alale, jibu ni hapana. Dawa za mzio zinazoleta usingizi kama hiyo huweza kumchanganya akili mzee na kumfungia mkojo na choo, na wenye Parkinson huumia zaidi. Akiamka saa nane usiku amekakamaa, hawezi hata kujigeuza kitandani, mara nyingi si uzee: levodopa, dawa kuu ya Parkinson, aliyomeza jioni imeisha nguvu, maana dozi ya kawaida hushika saa chache tu. Namuuguza mama mwenye ugonjwa huu. Daktari wa mishipa ya fahamu alimwongezea levodopa ya kulalia, ile inayoyeyuka polepole, na sasa angalau anageuka mwenyewe. Shuka la satini nalo lilisaidia sana, linateleza.

Angalieni pia kama anameza selejilini au amantadini, dawa nyingine za Parkinson, jioni. Hizo hufukuza usingizi, mwulizeni daktari kama zinaweza kuhamishiwa asubuhi na mchana. Ila msibadilishe dozi wenyewe, na levodopa msiikatishe ghafla kabisa, ni hatari kwa maisha yake.